Kidole cha Makwajuni

Ipo nchi, na asiulizwe mtu iko upande gani wa ramani, ambayo serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Haifanyi jambo bila kuwauliza. Kila asubuhi simu zote za nchi hiyo hulia kwa pamoja, mlio mmoja, wimbo wa taifa uliopigwa kwa filimbi, na swali la siku huingia. Swali hilo huitwa Ridhaa ya Asubuhi, na mwananchi anatakiwa kulijibu kabla ya saa tatu. Asiyejibu hafungwi, hapigwi, wala hatukanwi. Nchi ile imestaarabika. Laini yake tu ndiyo inazimwa. Na kwa kuwa zahanati haimtibu mtu asiye na laini, mbolea haitolewi bila laini, na hata mtoto haandikishwi shule bila laini ya mzazi, mtu hujikuta naye amestaarabika.

Majibu ni matatu, kwenye vitufe vitatu vya kijani: Nakubali, Nakubali Sana, na Nakubali kwa Machozi ya Furaha. Wako wakorofi wanaodai kwamba kukataa hakuna. Waongo hao. Kukataa kupo, kumeandikwa hadi kwenye katiba. Kitufe cha Sikubali kiko chini kabisa ya ukurasa wa arobaini na moja wa Vigezo na Masharti, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, na ukikigusa simu inakuuliza mara nne kama unajisikia vizuri.

Ni maendeleo makubwa, ukikumbuka nchi ile imetoka wapi. Ilikuwapo Ridhaa ya Wino, mgeni mwenye kofia alipokishika kidole gumba cha chifu kama anayeshika mkia wa panya, akakibandika kwenye karatasi, na mto ukawa wake. Ikaja Ridhaa ya Mikono, waziri alipopita garini akahesabu mikono ya watu waliokuwa wanamwomba asimame. Ikaja Ridhaa ya Makofi, kijiji kizima kikahamishiwa nyikani kwa sababu kilipiga makofi, na kilipiga makofi kwa sababu mbu walikuwa wengi. Hayo yalikuwa mambo ya kishamba. Leo kuna teknolojia.

*

Katika kijiji cha Makwajuni teknolojia ilikaa kwenye kibanda cha mabati cha Aidano Mkwizu, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, mwenye paneli moja ya sola na ubao mrefu wenye nyaya kama matumbo ya mbuzi. Watu walimwita Fundi Chaji. Wazee wa Makwajuni walikuwa na simu kwa sababu sheria iliwataka wawe nazo, ila macho ya kusomea hawakuwa nayo, na umeme ndiyo kabisa. Basi simu zao zililala na kuamkia kwa Aidano. Sitini na tatu, zimepangwa ubaoni, kila moja imefungwa kitu cha kuitambulisha: ya Bi Nyamizi kipande cha khanga ya zambarau, ya Mzee Lukindo kamba ya mkonge, ya mwalimu mstaafu tai yake ya shule.

Namba za siri alizijua zote kichwani. Mzee akileta simu husema, "Baba, yangu ni mwaka wa njaa ile kubwa," na Aidano anajua. Wengi wao walikuwa na mwaka uleule wa njaa.

Kila asubuhi alianza saa mbili na nusu. Alitumia vidole gumba vyote viwili, kulia na kushoto, na kwa miaka miwili alikuwa amefikia kasi ya kumaliza simu zote sitini na tatu kwa dakika kumi na moja. Wala hakuwa mtu wa hovyo. Alijitahidi kumjibia kila mtu kwa kadiri ya tabia yake. Mzee Lukindo, mbishi wa kuzaliwa, alimbonyezea Nakubali kavu. Bi Nyamizi, mtu wa kwaya, alimpa Machozi ya Furaha, hasa Jumapili. Na maswali yenyewe yalikuwa mepesi. Je, unaridhia kwamba mvua ya Jumanne ihesabiwe kuwa ni juhudi za Mkuu wa Nchi? Je, unaridhia kwamba mafua ya Mkuu wa Nchi yawe mafua ya taifa? Mtu atakataa nini hapo?

Ukutani, juu ya paneli, alitundika cheti: *Makwajuni, Kijiji cha Ridhaa Asilimia Mia, Daraja la Fedha.*

Na hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa. Kwani lilikuwapo pia Daraja la Dhahabu. Afisa Ridhaa wa Kata, dada mmoja mwenye sauti laini aitwaye Skolastika, alimweleza waziwazi.

"Kaka Aidano, kijiji chako kinakubali vizuri, lakini hakilii. Kijiji jirani walilia wote siku moja, wakapata dhahabu."

"Kulia wote?"

"Siku moja tu. Wote kwa machozi."

Aidano alicheka, akasema wazee wake ni wagumu wa machozi. Lakini alipokwenda kulala aliuona ule ukuta wake, na nafasi iliyobaki pembeni ya cheti cha fedha.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Swali liliingia, refu kuliko kawaida. Aidano aliona maneno matatu ya mwanzo, *Je, unaridhia kwamba*, akaona hayo yanatosha, maana ndiyo yaliyokuwa yanatosha siku zote. Redioni walikuwa wanarudia mpira wa jana. Timu yake ilikuwa inakaribia kufunga. Akabonyeza Machozi ya Furaha, simu baada ya simu, zambarau, mkonge, tai, mpaka mwisho wa ubao. Dakika tisa. Hata yeye alijishangaa.

*

Baada ya wiki tatu yakaja magari. Vijana wenye fulana za rangi ya machungwa waliingia bondeni na vigingi, nyundo na kamba, wakaanza kupigilia katikati ya magimbi.

Bonde la Makwajuni si kubwa, ila ndilo kijiji chenyewe. Chemchemi inatokea chini ya jiwe, baridi hata kiangazi, na kila nyumba ina kipande chake cha magimbi, mboga na mpunga kidogo. Ukiondoa bonde, kinachobaki ni mlima wa mawe na watu waliokaa juu yake wakitazamana.

Mkutano uliitishwa kwenye kiwanja cha shule. Alifika Naibu Waziri wa Ridhaa, Mitandao na Furaha ya Umma mwenyewe, Daktari wa Heshima Domisiani Matamba, mtu mnene aliyependa kufumba macho anaposema neno "taifa".

"Ndugu zangu wana-Makwajuni!" alisema, macho yamefumbwa tayari. "Taifa linakumbuka! Lakini taifa linakumbukia wapi? Picha zote za Mkuu wa Nchi, hotuba zake, kila ridhaa mnayotoa asubuhi, vyote hivi vinakaa ndani ya mashine. Na mashine, ndugu zangu, ni kama mama anayenyonyesha. Ina kiu! Inahitaji maji baridi mchana na usiku. Wataalamu wamezunguka nchi nzima na kifaa cha kupimia, na kifaa kikalia hapa. Hapa! Bonde lenu limepandishwa cheo. Kuanzia leo si bonde tena, ni Makao ya Kumbukumbu za Taifa. Nimekuja kuwashukuru kwa kuridhia kwenu."

Mzee Lukindo akainuka, mkono kiunoni.

"Nani karidhia?"

"Nyote, mzee wangu."

"Mimi pia?"

"Na wewe. Kwa machozi."

"Mimi sikulia hata alipokufa mke wangu wa kwanza, nije kulia kwa ajili ya mashine!"

Watu walicheka. Naibu Waziri naye akacheka, akaashiria, na shuka jeupe likatundikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Majina yakaanza kupita juu yake, jina, siku, saa, dakika, sekunde. Likapita la Mzee Lukindo. Likapita la Bi Nyamizi, akasomewa, naye akauliza kwa utulivu kabisa:

"Nililia saa ngapi, baba?"

"Saa mbili na dakika thelathini na nne, na sekunde saba."

"Saa hiyo nilikuwa namkamua mbuzi. Na mbuzi ni shahidi."

"Na fidia je?" akauliza mwalimu mstaafu.

Naibu Waziri alisikitika kidogo. "Laiti mngekubali kawaida, au hata Sana, fidia ingekuwapo. Lakini ibara ya tisa inasema anayelia kwa furaha hana anachodai. Hatuwezi kuwadhalilisha kwa kuwalipa."

Aidano alikuwa amesimama nyuma, karibu na choo cha wavulana. Mikono yote miwili alikuwa ameitia mifukoni, na mle ndani alikuwa amekunja vidole juu ya gumba kama mtu anayeficha yai. Alijua sasa watageuka. Aliwasubiri wageuke. Wakageuka kweli.

"Aidano!" aliita Mzee Lukindo. "Wewe ndiye unayeijua simu. Njoo umwambie huyu bwana kwamba wamechakachua huko kwao mjini."

"Mwambie, mwanangu," akasema Bi Nyamizi. "Simu yangu inalala kwako. Kama kuna swali la namna hiyo liliingia, si ungetuambia?"

Aidano alifungua kinywa.

"Aidano angetuambia," alimalizia mtu mwingine, kwa sauti ya kumtetea, na kijiji kizima kikatikisa kichwa kukubali. Wote. Asilimia mia.

Aidano akafunga kinywa.

*

Kuanzia siku hiyo alianza kula kwa shida. Kila alipofinyanga tonge na kulibonyeza kwa gumba ili achote mchuzi, alikiona kile kishimo, akaliweka tonge sahani. Mkewe, Yustina, alidhani ni vidonda vya tumbo. Aidano akafunga kitambaa kwenye gumba la kulia, akawaambia watu nyigu amemuuma. Bi Nyamizi akamletea majani ya kuchua. Akachua.

Aliendelea kujibu simu kila asubuhi, kwani laini zikizimwa wangeumia zaidi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijiambia pia kwamba hata angelisoma swali lile, angekataa vipi, kwa kitufe cha kijivu juu ya kijivu, mara sitini na tatu, kabla ya saa tatu? Yalikuwa maneno mazuri, yenye akili. Hayakumsaidia kula.

Siku moja mchana Bi Nyamizi alikuja kibandani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua kile kitambaa cha zambarau.

"Mwanangu, nasikia kukataa kupo ukurasa wa arobaini na moja. Nisomee mpaka tukufikie."

"Bibi, ni maneno mengi. Hakuna mtu anayeyasoma."

"Ndiyo maana nimekuja na karanga."

Akamsomea. Hakuwahi kuyasoma maishani mwake. Alisoma ibara ya kwanza hadi ya nane, ambazo zote zilieleza maana ya neno "wewe". Alisoma ya tisa ya machozi. Bi Nyamizi alitafuna, akasikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, mara moja moja akisema "rudia hapo". Jua lilikwisha kuvuka paneli walipofika ibara ya kumi na saba, na Aidano akaanza kuisoma kabla macho yake hayajaona inakokwenda.

"*Ridhaa iliyotolewa kwa kidole kisicho cha mwenye simu ni batili, na kilichochukuliwa kwa ridhaa hiyo kitarudishwa. Mwenye kidole hicho, akiungama, atatumikia kifungo cha mwaka mmoja kwa kila simu...*"

Bi Nyamizi alipangusa maganda ya karanga mapajani, taratibu, moja moja.

"Rudia hapo," alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo bonde linarudi, mtu akisema."

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyo mtu anakwenda miaka sitini na mitatu."

"Ndiyo, Bibi."

Bi Nyamizi alilitazama lile gumba lililofungwa kitambaa, akainuka, akafunga simu yake vizuri kwa khanga, akairudisha ubaoni mahali pake. Ukurasa wa arobaini na moja hakuuliza tena.

*

Asubuhi yake Aidano alimwambia Yustina kila kitu. Yustina alilia, akampiga kwa mwiko mara mbili, kisha akampigia pasi shati. Aidano akatembea hadi ofisi ya kata.

"Nimekuja kuungama," alimwambia Skolastika.

"Kaka, hatupokei ungamo la mdomo. Tunalinda mazingira, hatutumii karatasi. Fungua simu yako." Akamtumia fomu. Aidano akaisoma yote, kurasa kumi na tisa, amesimama, watu wanapita wanamsukuma. Akabonyeza. Mashine ikafikiri muda mrefu, ikajibu:

*Hongera kwa uaminifu. Kidole chako kimetambuliwa na mfumo kuwa ni cha kijiji. Mtu mmoja hawezi kuungama kidole cha kijiji. Wenye simu wote sitini na watatu wathibitishe, kila mmoja kwa kidole chake, ndani ya siku mbili. Asipothibitisha hata mmoja, ungamo litahesabiwa kuwa ni utani.*

"Wote?" aliuliza Aidano.

"Asilimia mia," alisema Skolastika, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni. "Wewe si unajua jinsi ya kuipata?"

*

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewahi kuona kitu kigumu kama hicho: mtu amebeba simu sitini na tatu kwenye kikapu, anabisha hodi, anampa mwenyewe simu yake, halafu anamwambia alichomfanyia. Kwenye simu kulikuwa na swali moja: *Je, unathibitisha kwamba kidole hakikuwa chako, na kwamba mwenye kidole afungwe?* Na ajabu ni kwamba kitufe cha Sikubali, kilichotafutwa na nchi nzima kwa miaka, safari hii kilikuwa ukurasa wa kwanza, kikubwa, chekundu kama nyanya.

Mzee Lukindo alimtemea mate miguuni.

"Kwa ajili ya cheti!"

"Kwa ajili ya cheti, mzee."

"Na mpira!"

"Na mpira."

"Walishinda?"

"Sare."

Mzee Lukindo akabonyeza Nathibitisha kwa nguvu, kioo kikapata ufa. "Nenda ukaoze," alisema. Kisha akamwita akiwa ameshafika njiani. "Nani atachaji sasa?" Aidano akamwambia Yustina anajua. "Haya. Nenda ukaoze."

Wengine walimlaani, wengine walimwombea, mwalimu mstaafu alimpa mhadhara wa saa nzima kuhusu kusoma kwa ufahamu. Lakini walithibitisha. Bonde ni bonde. Jioni ya siku ya pili walikuwa sitini na wawili, na Aidano, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, alihisi njaa ya kweli. Alipiga hodi kwa Bi Nyamizi kama mtu anayerudi nyumbani.

"Bibi, umebaki wewe tu."

"Najua. Nimewasikia wakikufokea tangu jana." Akaishika simu, akaiweka mbali na macho yake. "Kipi ni kipi?"

"Cha kijani ndicho, Bibi. Cha kulia."

"Na hiki chekundu?"

"Hicho ni cha kukataa. Usikiguse."

"Mama yako alipokufa ulikaa kwangu siku ngapi?"

"Miezi saba, Bibi. Lakini hayo hayahusiani."

"Ulikuwa unalala na kiatu. Ukivuliwa unalia." Alitikisa kichwa. "Sitawapa mtoto kwa ajili ya magimbi."

"Bibi, si magimbi! Ni chemchemi, ni watu wote! Mimi ndiye niliyekosa, niache nilipe!" Alipiga magoti. "Bonyeza cha kijani, nakuomba. Au nipe nikubonyezee."

Neno likatoka kabla hajalizuia. Wote wawili walilisikia.

"Miaka miwili umenibonyezea," alisema Bi Nyamizi. "Hiki nabonyeza mwenyewe."

Akanyoosha kidole, kimepinda kwa baridi yabisi, akagusa nyanya. Simu ilimuuliza mara nne kama anajisikia vizuri. Mara zote nne alijibu kwa mdomo, "Sijambo," na kugusa tena.

*

Ilikuwa Sikubali ya kwanza katika historia ya nchi ile. Serikali haikuificha, bali iliitangaza. Naibu Waziri alifumba macho kwenye runinga na kusema kwamba wanaodai wananchi hawana uhuru wa kukataa sasa wameumbuka, kwani mwanamke wa kawaida, wa kijijini, amekataa mchana kweupe, na serikali sikivu imeheshimu kukataa kwake kwa kuendelea na ujenzi. Picha ya Bi Nyamizi ilibandikwa mabasini. Makwajuni ikapewa Daraja la Dhahabu. Sitini na wawili wakaacha kumsalimia Bi Nyamizi, na Aidano hawamsalimii hadi leo, ila simu wanaleta.

Jumba la mashine sasa limekaa bondeni, jeupe, bila madirisha, linanguruma kama mtu aliyeshiba. Linakunywa chemchemi yote kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine linatoa maji ya moto kwa bomba linalopita nje ya uzio. Kwa hisani ya serikali, wanakijiji wanaruhusiwa kukinga. Wageni wanaokuja kutembelea hupiga picha na kusema, angalia, kijiji kizima kina maji ya moto.

Kila asubuhi, akishajibu simu, na siku hizi humchukua mpaka saa tatu kasoro dakika moja kwa sababu anasoma yote, Aidano huteremka bombani kumkingia Bi Nyamizi. Bi Nyamizi mwenyewe husimama kando, peke yake, wengine wamempa kisogo. Siku moja Aidano alishindwa. Aliiweka ndoo chini, mvuke ukimpanda usoni.

"Bibi, nitukane basi. Hata kidogo tu. Hata neno moja."

Bi Nyamizi alimtazama, akaitazama foleni, akalitazama lile jumba.

"Nitakutukana nikipata nafasi," alisema. "Nyanyua ndoo, maji yanapoa."